Wenyeviti Wote wa Kiritiri

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia Kagwiria alipohamia Kiritiri ni kwamba huko ni vigumu kumpata mtu mzima asiye na cheo. Aliambiwa kuhusu jua. Aliambiwa kuhusu maji, na kuhusu vumbi la malori ya mchanga linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwenye nyumba wake, Mama Njoki, alimwonya asianike nguo siku ya soko, kwa sababu mbuzi hukatiza uani na wana uchu wa sketi. La vyeo hakuambiwa, pengine kwa kuwa wenyeji wamelizoea kama pumzi. Mtu akisimama mbele ya watu Kiritiri, hata kama amekuja tu kutangaza kwamba kuku wake amepotea, huanza kwa kusema yeye ni mwenyekiti wa nini.

Kagwiria ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Nchiru kule Meru, mwenye tabia ya kucheka kabla mzungumzaji hajafika mwisho wa mzaha. Alisomea kompyuta chuoni, kisha akakaa miaka kadhaa katika kibanda cha kaka yake Mukiri karibu na mabweni ya wanafunzi, akitoa fotokopi na kutengeneza tovuti za makanisa. Ushirika wa wafugaji uitwao Mburi Njega, yaani mbuzi wazuri, ulipotafuta mtu wa kuujengea tovuti ya kuuzia mifugo, alifunga mizigo akateremka Mbeere, nchi iliko Kiritiri. Kimbeere chake mpaka leo ni Kimeru kilichovaa koti la kuazima. Watu humcheka, naye hucheka nao.

Tovuti yenyewe si ya ajabu. Mfugaji anapiga picha ya mbuzi wake, anaandika umri na bei. Mnunuzi aliye Embu mjini au mbali zaidi anamtazama, anaweka oda, na siku ya kukusanya mbuzi lori linakuja. Kabla ya hapo wafugaji waliuza kwa madalali waliosimama langoni mwa soko na kuwashika mbuzi mgongo huku wakisikitika, kana kwamba wameitwa kwenye mazishi. Madalali hawakuipenda tovuti. Baadhi ya wanachama nao hawakuiamini, na walikuwa wamekubaliana kuipa muda hadi mkutano mkuu wa mwaka. Jumamosi ya mkutano, watu wangeinua mikono: tovuti iendelee, au ifungwe na kila mtu arudi langoni. Ikifungwa, kazi ya Kagwiria ingekuwa imekwisha. Angerudi Nchiru kusimama nyuma ya mashine ya fotokopi ya Mukiri, na Mukiri si mtu wa kunyamaza.

Ili kuelewa kilichotokea juma la mkutano, sharti mtu ajue jambo moja. Kila anayejisajili kwenye tovuti huwekwa katika kundi, na kundi ndilo linaloamua anafunguliwa milango gani. Mfugaji anaruhusiwa kuweka mbuzi wake. Mnunuzi anaruhusiwa kuweka oda. Daktari wa mifugo anaruhusiwa kuandika kwamba mbuzi fulani amechanjwa. Msimamizi anaruhusiwa kila kitu: kubadilisha, kuongeza, kufuta. Mwanzoni Kagwiria aliwaweka watu kwenye makundi mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kuwa wanachama wa kwanza aliwajua kwa sura. Kisha mwenyekiti wa ushirika, Mzee Mbogo, akaomba tangazo lisomwe makanisani Jumapili moja kabla ya mkutano, na Kagwiria akajua hatayaweza majina yatakayomiminika.

Kwa hiyo aliifundisha tovuti kugawa watu yenyewe. Kwenye ukurasa wa kujisajili aliweka swali moja fupi, litoshee kwenye kioo cha simu: *Wewe ni nani?* Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: mfugaji, mnunuzi, daktari wa mifugo, kiongozi. Atakayechagua mfugaji, tovuti imtie kundi la wafugaji papo hapo. Atakayechagua kiongozi, imtie kundi la wasimamizi. Kagwiria alikuwa na viongozi watano akilini, wale wa kamati ya ushirika. Alijaribu kanuni hiyo Jumamosi jioni, ikafanya kazi bila kukwama, akaenda kulala ameridhika.

Jumapili watu walitoka ibadani, wakakaa chini ya vivuli vya kuta, wakatoa simu. *Wewe ni nani?* Katika nchi ambayo mtu hawezi hata kuomba chumvi kwa jirani bila kujitambulisha kikamilifu, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

Jumatatu asubuhi Kagwiria alifungua kompyuta yake ofisini akakuta tovuti ina wasimamizi zaidi ya arobaini.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwemo. Mwenyekiti wa wazazi wa shule ya msingi alikuwemo, pamoja na naibu wake. Palikuwa na mwenyekiti wa kwaya, mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa stendi ya juu na hasimu wake wa stendi ya chini, mwenyekiti wa ukoo, na mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ambayo ilikwisha fungwa mwaka uliopita lakini kamati haikuwahi kuvunjwa.

Nao hawakuwa wamekaa bure. Mtu akipewa mamlaka huhisi ana deni la kuyatumia. Mmoja alikuwa amebandika juu ya ukurasa wa kwanza tangazo kwamba hakuna mbuzi atakayeuzwa kabla ya maombi ya kufungua. Mwingine alikuwa amesahihisha maelezo ya mbuzi wa jirani yake: "Si mweupe wote. Ana baka shingoni upande wa kushoto. Namjua." Wa tatu alikuwa ameandika chini ya beberu mmoja mzuri wa aina ya gala, kwa herufi kubwa, kwamba beberu huyo hauzwi kwa sababu ameahidiwa kwenye mahari, na mwenye kumuuza anajijua. Kagwiria alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasoma kilichofuata, kicheko kikamkauka.

Kivuti, yule wa kamati ya maji, mwanamume mrefu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alikuwa amewaandikia wenzake: "Viongozi wenzangu, kazi bila mpangilio ni fujo. Napendekeza tuchague mwenyekiti wa wasimamizi." Pendekezo liliungwa mkono. Kufikia magharibi ya Jumapili hiyo Kivuti alikuwa amechaguliwa bila kupingwa. Katibu wake alikuwa Gitari.

Sasa Gitari ni mwenye hoteli Embu mjini, na mbuzi pekee aliopata kuwamiliki walikuwa tayari wamechunwa. Alikuwa mnunuzi. Na mnunuzi huyo, kama msimamizi yeyote, sasa angeweza kufungua ukurasa wa mbuzi wa mtu na kubadilisha bei.

Kagwiria alimpigia simu.

"Bwana Gitari, wewe si ni mnunuzi?"

"Ndiyo, madam. Tena mnunuzi mzuri."

"Mbona ulichagua kiongozi?"

"Si mliuliza mimi ni nani? Mimi ni mwenyekiti wa timu ya mpira ya wafanyakazi wa hoteli. Nidanganye?"

"Swali lilikuwa la mambo ya ushirika."

"Halikusema hivyo. Hebu nisomee."

Kagwiria akamsomea. Halikusema hivyo.

"Umeona?" Gitari akasema, bila ubaya. "Na madam, mimi sijagusa bei ya mtu. Lakini nimeona kale kamstari ka kubadilisha, nikasema, hawa watu wa Kiritiri wanatuamini!"

Hilo ndilo lililomtia baridi. Gitari alikuwa mwaminifu, na kwa uaminifu huohuo angemsimulia kila mtu. Wafugaji wakisikia kwamba mnunuzi anaweza kupunguza bei ya mbuzi wao akiwa amekaa hotelini kwake, mikono ya Jumamosi isingeinuka. Madalali angalau walipunguza bei mbele ya macho yako. Kagwiria akafunga bei zote zisiguswe na yeyote, akaandika kwamba ni matengenezo, kisha akaanza kuwaondoa wasimamizi, akianza na mwenyekiti wa kwaya.

Hakufika wa pili. Kabla ya chakula cha mchana Mama Njoki aliingia ofisini bila kubisha, leso imefungwa kiunoni.

"Kagwi, umemfanya nini mzee wa kwaya?"

"Sijamfanya kitu, Mama. Nimembadilisha kundi tu."

"Kundi? Ameonyesha majirani wote simu yake. Imeandikwa, *Umeondolewa katika kundi la wasimamizi.* Amekaa nyumbani hataki hata uji. Mke wake ananiuliza amekula pesa za nani."

Kagwiria akafunika uso kwa viganja. Ujumbe huo tovuti huutuma yenyewe kila mtu anapohamishwa kundi. Aliuandika yeye, siku ambayo alikuwa anafikiria kompyuta na si watu. Kiritiri mtu haondolewi uongozini hivihivi. Akiondolewa, watu huuliza alikula nini, na wakikosa jibu hutunga.

"Kwetu Meru," alisema kwa huzuni, "mtu akiondolewa hugomba, mambo yakaisha."

"Kwenu Meru hugomba hata mkipewa," Mama Njoki akamjibu. "Mrudishe mzee wa watu."

Akamrudisha. Mwenyekiti wa kwaya akanywa uji. Na Kagwiria akabaki na wasimamizi zaidi ya arobaini, wasioweza kuachwa walivyo na wasioweza kuondolewa, na siku za juma zikipungua.

Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya chama cha akina mama, na Kagwiria hakuwa na namna ya kukosa, kwa kuwa alikuwa na ufunguo. Chama hicho huweka akiba katika sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku halifunguki mpaka watatu hao wawe wamekaa pamoja. Kagwiria alipewa ufunguo mmoja mwaka wake wa kwanza, kwa hoja kwamba ni mgeni na hana shemeji wa kumshawishi. Alifika, akaketi, akafungua kufuli yake, akasubiri wenzake. Mama Njoki, mwenyekiti, alikuwa kwenye kiti chake cha mbele akiongoza maombi. Mikononi hakuwa na kitu.

Kagwiria alikuwa ameliona jambo hilo kila juma bila kuliona. Mwenyekiti hapewi ufunguo. Si kwamba haaminiki. Ni kwamba kazi yake ni nyingine. Hakuna aliyepata kusema kwamba Mama Njoki amenyang'anywa kitu.

"Mama," akanong'ona maombi yalipokwisha, "umewahi kutaka ufunguo wa sanduku hili?"

"Wa nini?" Mama Njoki akashangaa. "Nikiwa na ufunguo watu watanitazama kiunoni badala ya kunitazama usoni."

Kagwiria akacheka peke yake, akina mama wakamgeukia, akaomba radhi.

Alhamisi aliandika kanuni upya. Alichokuwa amekifunga pamoja, alikifungua: cheo kikawa kitu kimoja, funguo kitu kingine. Kila aliyechagua kiongozi angeingia katika kundi jipya la viongozi wa jamii, na cheo chake kingeonekana kando ya jina lake popote atakapoandika, kwa rangi ya kijani: mwenyekiti wa maji, mwenyekiti wa kwaya, mwenyekiti wa harusi. Funguo zingebaki kwa watatu: yeye, katibu wa ushirika na daktari wa mifugo. Hakuna kitu cha mtu mwingine ambacho kingefutwa mpaka wawili kati yao wakubali.

Likabaki suala la wageni, na hapo alimkumbuka yule aliyesahihisha baka la mbuzi. Aliamua kwamba kuanzia sasa swali la *Wewe ni nani?* halitamfungulia mtu mlango wowote. Kila ajisajiliye, awe nani, tovuti itamweka kwanza katika kundi la wageni. Mgeni atatazama na kuuliza, lakini hatauza. Jina lake litatokea kwa viongozi wa Kiritiri, na kando yake kitufe chenye neno moja: *Namjua.* Kiongozi mmoja akikibonyeza, tovuti itamhamisha mgeni yenyewe, imtie kundi lake la haki. Ujumbe wa kuondolewa aliufuta, akaandika mwingine.

Ijumaa akaenda kwa Mzee Mbogo, kwa sababu hesabu yake ilikuwa na mtu mmoja zaidi. Mzee Mbogo ni mtu mpole, mwenye sauti ya kutuliza fahali, na ndiye aliyewasihi wanachama waipe tovuti muda. Alikuwa msimamizi wa kwanza kabisa. Kagwiria alimkuta akiwafunga watoto wa mbuzi kamba.

"Mzee, nimekosea, nimekuja kusema." Akamweleza yote, bila kuruka Gitari. "Na ufunguo wako pia itabidi uondoke. Siwezi kuwaambia wenyeviti wengine waachie, wewe ubaki nao."

Mbogo akaiachia kamba aliyokuwa ameishika, mbuzi mmoja akaponyoka.

"Mwari," akasema mwishowe, akimwita binti kwa lugha yake, "mimi ndiye mwenyekiti wa hii kitu yenyewe. Mimi si wa harusi."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana uwe wa kwanza."

"Na nikikataa?"

"Nitakuacha nao. Lakini kesho Kivuti atasimama, na sitakuwa na jibu."

Mzee akatazama mbuzi aliyetoroka, akatazama simu yake. "Usiniondoe wewe. Kiongozi hujiuzulu mwenyewe. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Hapo chini, Mzee. Siyo hapo. Hapo chini kab..."

Alikuwa amebonyeza. Kioo kikawa cheupe. Hakuwa amejitoa usimamizi tu. Alikuwa amefuta akaunti yake yote, jina, picha na mbuzi wake kumi na wanne.

Wote wawili wakatazama simu.

"Sasa mimi ni nani?" Mzee Mbogo akauliza.

Ukumbi ulijaa Jumamosi. Baada ya maombi na taarifa, Kivuti alisimama, akajitambulisha kama mwenyekiti wa maji na wa wasimamizi, na watu wakajua mambo yameanza.

"Mwenyekiti, asubuhi hii nimefungua tovuti. Jina langu lina rangi nzuri ya kijani, asante. Lakini siwezi kubadilisha kitu. Jumapili niliweza. Nataka binti wa Meru atueleze: sisi tumekosa nini?"

Kagwiria akasimama. "Hamjakosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Niliuliza swali baya, mkalijibu kwa ukweli. Kwa kosa langu, kuanzia Jumapili hadi nilipofunga bei, hata mnunuzi angeweza kubadilisha bei ya mbuzi wenu."

Ukumbi ukavuma. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Afadhali dalali! Dalali tunamjua na uwongo wake!" Baadhi wakapiga makofi. Gitari, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainuka nusu akasema hakugusa, akaketi tena.

Mzee Mbogo akagonga meza. "Kivuti. Stoo ya dawa za mbuzi, ufunguo anao nani?"

"Katibu."

"Mimi nimewahi kuushika?"

"Hujawahi," Kivuti akasema. "Ungeupoteza siku hiyohiyo."

Kicheko kikapita safu kwa safu. Mbogo akangoja kitue.

"Vizuri. Jana niliachia na huu wa tovuti. Niliuachia vibaya, nikajifuta mwenyewe. Asubuhi nimejisajili upya, na mnajua imeniweka wapi? Kwa wageni! Mimi, na mvi hizi. Nimeandikiwa, *Karibu, subiri anayekujua.*" Akainua simu wote waione. "Siwezi kuuza hata mkia wa mbuzi. Na siwezi kujikubali mwenyewe. Huyu binti naye hawezi kunikubali, ana ufunguo lakini si kiongozi wa eneo letu. Anayeweza ni mmoja wenu."

Kivuti alikuwa bado amesimama. Polepole akatoa simu, akaitazama, akavuta kioo kwa kidole. Watu wa safu ya mbele wakainuka kuchungulia.

"Nimemwona," akasema. "Mbogo. Anasema ni mfugaji." Akakuna kidevu. "Huyu... ngoja nifikirie."

"Kivuti!"

"Utaratibu, mwenyekiti, utaratibu. Nikisema namjua na simjui, si ni mimi nitakayelaumiwa? Kuna Mbogo mmoja aliazima pampu ya maji ya kamati, hajairudisha. Ni huyo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Njoki alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Ni mimi," Mzee Mbogo akasema. "Itarudi Jumatatu."

"Basi namjua," Kivuti akasema, akabonyeza.

Simu ya Mbogo ikalia. Akasoma kwa sauti ile ya kutulizia fahali: "*Umekubaliwa na Kivuti, mwenyekiti wa maji. Karibu nyumbani.*" Kivuti aliposikia cheo chake kikisomwa mbele ya ukumbi mzima, na katika ujumbe wa mtu mkubwa kuliko yeye, aliketi kama mtu aliyeshiba. Wenyeviti wengine walikwisha toa simu zao, wakitafuta nani mwingine anangoja kujulikana.

Kura ya kuiendeleza tovuti ilipoitishwa mikono iliinuka mpaka Kagwiria akaacha kutazama, akainamia kiatu chake kana kwamba kamba imefunguka. Kilikuwa kiatu kisicho na kamba.

Nje, wakati wa chai na mandazi, Gitari alimfuata. "Madam, mimi sasa ni mgeni?"

"Mnunuzi. Kivuti amekukubali. Ila chini ya jina lako imeandikwa mwenyekiti wa mpira."

"Kwa kijani?"

"Kwa kijani."

"Sawa kabisa," Gitari akasema, akaenda kuongeza chai.

Kabla watu hawajatawanyika, Kivuti alisimama juu ya benchi akapendekeza kwamba, kwa kazi njema, Kagwiria achaguliwe mwenyekiti wa kamati ndogo ya tovuti. Pendekezo likaungwa mkono na sauti nyingi. Kagwiria akacheka kabla sauti hizo hazijatulia, akatikisa kichwa.

"Asanteni, lakini siwezi. Mimi nina ufunguo."

Hoja haikuwa na pa kushikwa. Kivuti akashuka benchini, akakubali kwa masikitiko ya mtu wa utaratibu, na mkutano ukafungwa kwa maombi, yaliyoongozwa na mwenyekiti wa kwaya. Hadi leo, kwa kadiri inavyojulikana, Kagwiria ndiye mtu mzima pekee wa Kiritiri asiye na cheo chochote, na akisimama kuzungumza watu hungoja kidogo, wakidhani amesahau kukitaja.